Televisheni Mbili, Fundi Hakuna

Ukienda kutafuta kazi Uarabuni na wakala akakuuliza, "Mbali na kuendesha gari, unajua nini kingine?" mjibu kwamba hujui kitu. Mimi nilijibu kwamba najua umeme na televisheni. Jamaa aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni pale Nairobi alikuwa amesema anajua kupika na kuchunga ngamia, nami sikutaka kuonekana mtu wa kitu kimoja. Umeme wangu ulikuwa wa kubadilisha balbu. Televisheni yangu ilikuwa ile ya mzee wetu nyumbani, yenye mgongo mkubwa, ambayo niliifungua siku moja nikitaka kuipangusa vumbi. Haikuwaka tena, na mwishowe ikawa meza ya kuwekea chupa ya chai.

Mdomo huponza kichwa, ila kichwa changu kilicheleweshewa adhabu. Bosi wangu wa Malaz, Riyadh, alinipokea uwanja wa ndege akanikagua kutoka juu mpaka chini, kisha akauliza, "Wewe televishen?" Nikasema aiwa, ndiyo. Akatikisa kichwa kwa heshima. Kwa muda mrefu baada ya hapo hakuna televisheni iliyoharibika katika nyumba ile, na mimi nikaanza kujiamini, kama kwamba zilikuwa zinaniogopa.

Kisha mdogo wangu wa kike naye akapata mkataba wa kazi za nyumbani Jeddah, mtaa wa Aziziya. Aliyemtia moyo ni mimi. Nilimwambia tutakuwa majirani, kwa kuwa kwenye ramani ya simu Riyadh na Jeddah ziliachana upana wa kidole gumba. Alikuwa ameshatua ndipo bosi akanieleza kwamba kidole hicho ni siku nzima barabarani. Madam wake hakuwa mtu mbaya. Alimlisha na alimlipa. Ila geti lilikuwa geti. Siku ya mapumziko hakuna, mgeni mwanamume hakuna, na kaka ni mwanamume. Tukabaki kutumiana sauti kwa simu, yeye akinong'ona baada ya kuosha vyombo, mimi nikisikiliza nimejifungia kwenye gari la bosi. Kila mara alisema yuko sawa. Mimi namjua huyu. Utotoni alivunjika mkono asubuhi na akasema yuko sawa mpaka jioni.

Nilitaka kumwona. Sikuwa na jambo jingine, nilitaka tu kumtazama usoni nijue.

Basi bosi akanunua karavani. Ilikuwa imetumika, nyeupe, ya kuvutwa na gari, yenye vitanda, jiko dogo, na televisheni iliyobanwa ukutani. Likizo ya shule ilipokaribia akatangaza kwamba familia nzima itakwenda Jeddah kupunga upepo wa bahari: yeye, madam, watoto na bibi, yaani mama yake. Moyo wangu uliruka. Nilimweleza kuhusu dada yangu, naye, Mungu ambariki, akasema Ijumaa baada ya swala nitakuwa huru mpaka magharibi. Nikampigia dada. Tukapanga kwamba atatoka na mfuko wa taka, nami nitakuwa nimesimama karibu na pipa la mtaani kama mtu anayesubiri teksi. Mikutano ya Wakenya wengi kule imefanyika kwenye mapipa, na sisi hatukujiona bora.

Safari ilikuwa ndefu, na mimi niliirefusha zaidi, kwa sababu karibu na Makka ilibidi tuzunguke kwa barabara ya sisi tusio Waislamu. Bibi alinung'unika nyuma yangu njia nzima. Alikuwa mama mfupi, mzito, mwenye sauti ya kuamuru, na nyumba nzima ilimtii, bosi akiwa wa kwanza. Alikuwa na tamthilia yake ya kila siku baada ya swala ya alasiri. Aliniambia habari zake kwenye kioo cha gari kana kwamba ni ukoo wake: nani kamsaliti nani, nani atafichuliwa wiki hii. Nilielewa robo. Nilichoelewa vizuri ni kwamba hakosi hata siku moja.

Tulifika Jumatano kwenye kiwanja cha karavani kaskazini mwa Jeddah. Kila nafasi ilikuwa na nguzo fupi, na kwenye nguzo kulikuwa na soketi ya umeme, bomba la maji na tundu la kebo ya televisheni. Nilichomeka kila kitu kwa madaha ya daktari wa upasuaji. Alasiri ikafika. Bibi akaketi, akajipangia mito, akawasha.

Chenga. Kioo kizima kilijaa chenga tupu, na nyuma yake kivuli cha mwanamke aliyekuwa analia au anacheka, huwezi kujua.

"Fundi!" bosi akaita. Nikatazama nyuma kuona anamwita nani.

Nilifanya alichofanya kila mtoto wa kiume aliyekulia kwetu: nilipanda juu ya paa. Juu ya karavani palikuwa na antena ndogo, na mikono yangu iliijua kazi hiyo kabla kichwa hakijafikiri. Unazungusha taratibu, unapaza sauti, "Imeshika?" na aliye ndani anajibu, "Bado!" Tatizo ni kwamba ndani hamkuwa na Mswahili. Bibi akajifunza mchezo upesi. Kila nilipogusa antena alipaza sauti, "Mafi!" yaani hakuna. Nikageuza kushoto: mafi. Nikageuza kulia: mafi. Nikaomba mfuniko wa sufuria kubwa ya wali, nikaufunga nyuma ya antena kwa waya, maana mfuniko wa sufuria ndio uliotuonyesha taarifa ya habari nyumbani miaka yote. Majirani wa karavani za pembeni wakatoka na viti vyao kunitazama. Jua la Jeddah likanipika pale juu, mimi na mfuniko, na kutoka chini sauti ya bibi haikuchoka: mafi, mafi, mafi.

Naomba ieleweke kwamba picha ilikuwa inaletwa na kebo ya kwenye nguzo. Antena ile haikuhusika hata kidogo. Ningeweza kuing'oa na kuitupa baharini, na chenga zisingepungua wala kuongezeka.

Tamthilia ikaisha bila bibi kuiona. Alizima televisheni mwenyewe, akajifunika mtandio vizuri, akasema bila hasira, "Kesho kama hakuna, nirudisheni Riyadh." Bosi akajaribu: mama, bahari, mama, watoto. Madam naye akajaribu kwa upole wake. Bibi akasema yake ni hayo tu. Bosi alitoka nje akanishika bega. "Mama akisema yalla, twende, ni yalla," aliniambia. "Rekebisha kesho. Vinginevyo Ijumaa asubuhi tunaondoka."

Ijumaa asubuhi. Nilisimama pale nimeshika mfuniko wa sufuria. Nilikuwa nimesafiri upana wote wa kile kidole gumba, dada alikuwa upande wa pili wa mji huohuo, na sasa njia ya kumfikia ilipita kwenye televisheni, kitu ambacho nilikuwa nimedanganya kwamba nakijua.

Jambo la busara lingekuwa kukiri na kumwomba bosi aite fundi wa kweli. Lilinijia na nikalifukuza. Mtu aliyejiita fundi hawezi kukiri kwa urahisi. Ni afadhali ateketeze karavani.

Alhamisi nikaihamia kebo. Nilifika mpaka Al-Baghdadiyah, kule kwenye maduka ya vifaa, nikanunua kebo mpya na vichwa vyake, nikamwambia muuzaji kwa sauti nzito anipe "ile nzuri." Niliporudi nikakata ya zamani, nikaimenya ile mpya kwa meno, nikasokota nyaya za ndani na za nje pamoja ili zipendane. Kumbe zile hazitakiwi kugusana kamwe. Kioo kikawa cheusi. Bibi, ambaye sasa alikuwa ananifuata kila niendako na fimbo yake, akasema jambo kuhusu mama yangu ambalo madam alikataa kunitafsiria. Nikakata tena, nikatenganisha, nikafunga kichwa kama nilivyokiona kwenye ile ya zamani, na chenga zikarudi. Nilizifurahia sana chenga zile, kwa kuwa sasa nilikuwa nimerudi pale nilipoanzia.

Nikapiga kofi televisheni, ubavuni, taratibu. Nikachomeka kebo kwenye nguzo ya jirani, kwa ruhusa yake: chenga. Nikaomba televisheni yake dakika moja nikaichomeka kwenye nguzo yetu: picha safi, rangi zote, mtangazaji mpaka ndevu zake ukazihesabu. Kwa hiyo nguzo ilikuwa nzima. Nikachukua televisheni yetu nikaipeleka kwa jirani: picha safi. Kwa hiyo televisheni ilikuwa nzima. Hapo fundi yeyote angejua kwamba ubovu uko ukutani, katikati ya hizo mbili. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya karavani nikaamua kwamba ni majini. Nasema hivi nikiwa Mkristo niliyebatizwa.

Sasa, ukutani chini ya televisheni palikuwa na kibao kidogo chenye kitufe na taa nyekundu. Taa hiyo ilikuwa ikiwaka tangu Riyadh. Niliipenda. Kwetu taa nyekundu ikiwaka maana yake stima ipo, mambo sawa, usiguse. Nilikuwa nimewakataza watoto wasikaribie kitufe kile, na nilipowaona wakikisogelea niliwafokea kwa lugha tatu.

Alasiri ikafika tena. Bibi akaingia, akaketi mahali pake kama mtu aliyekuja kushuhudia maziko. Akatazama zile chenga. Kisha akanyoosha fimbo kwenye ile taa nyekundu.

"Zima hiyo. Inakula umeme bure."

"Bibi, hiyo ndiyo—"

"Zima."

Nikazima, ili asinipige.

Picha ikaja. Haikuja kidogo kidogo. Ilitokea yote kwa pamoja, yule mwanamke wa jana, na kumbe alikuwa analia, machozi yanameremeta kwenye mashavu. Bibi akapiga kigelegele. Nikabonyeza kitufe tena: chenga. Nikabonyeza: mwanamke. Mara ya tatu hata mimi nikaelewa. Kile kitufe kilikuwa cha kuipa antena ya juu nguvu, na kikiwa kimewashwa kilifunga njia ya kebo. Nilikuwa nimelilinda kosa hilo kwa siku mbili, nikimfokea kila mtu aliyetaka kulirekebisha.

Bosi akaingia mbio. "Fundi! Umefanya nini?"

Nilikuwa na bisibisi mkononi na jasho la kutosha. "Ilikuwa kazi ngumu, baba," nikasema.

Jioni nilimtumia dada sauti ndefu nikijisifu. Nilimweleza kwamba nimerekebisha televisheni iliyoshindikana, kwamba hatuondoki, kwamba Ijumaa nitakuwa kwenye pipa. Akanipigia mara moja, ananong'ona huku anacheka.

"Braza, wewe? Si ile ya mzee uliiua?"

"Hiyo ilikuwa zamani. Saa hii niko level ingine."

 Nilisikia maji yakitiririka kwenye sinki kwake. Kisha akasema, "Unajua hapa kwa madam, mwanaume haingii. Lakini TV ikiharibika wanaita fundi, na anaingia mpaka sitting room. Mimi ndiyo husimama hapo kumshikia tochi."



"Unaweza kuiharibu?" nikamuuliza.

"Hiyo naweza kukushinda."

Nikamweleza: nyuma ya dekoda kuna kebo ya kutoka kwenye dishi, mwisho wake una nati, ilegeze mpaka iachie. Kesho wakilalamika, waambie unajua namba ya fundi mmoja Mkenya, anafanya kazi bila kusumbua. Kwamba ni kakako usiseme.

Ijumaa, baada ya swala, mwenye nyumba ya Aziziya alinipigia. Nilijibu kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi na nikafika haraka kuliko fundi yeyote katika historia ya mji ule. Nilikuwa na mfuko wa vifaa niliouazima kutoka buti la gari la bosi: bisibisi moja, spana ya matairi, jeki na kamba ya kuvutia gari. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa makamo, mwenye haya. Alitangulia akipaza sauti, "Tariq! Tariq!" yaani njia, ili wanawake wa nyumba wajue mwanamume anapita, na nikasikia milango ikifungwa huku na huku. Akanionyesha televisheni, akaketi kwenye chumba cha wageni upande wa pili wa ukumbi, mlango wazi, na kahawa yake.

Kisha mlango wa jikoni ukafunguka akatoka dada yangu na tochi.

Alikuwa amekonda. Hilo ndilo nililokuwa nimekuja kuliona na niliona mara moja, kabla hajafika katikati ya zulia. Vidole vilikuwa vimebabuka kwa dawa za kusafishia. Nilitaka kumkumbatia na sikuweza hata kumpa mkono. Nikasema "Salaam aleikum" kama mtu baki, naye akajibu kama mtu baki, tukapiga magoti nyuma ya televisheni tukiupa ukumbi visogo.

"Washa tochi," nikasema kwa sauti ya kazi.

"Imewaka," akajibu kwa sauti ya kazi. "Nywele zako ziko wapi?"

"Zimebaki Riyadh. Unakula wewe?"

"Nakula. Kazi ndiyo inakula zaidi. Ghorofa tatu, braza, na watoto sita, na wageni kila siku. Shikilia hiyo waya, anaangalia."

Nikashikilia waya. Tuliongea Kiswahili chetu kwa sauti ya mafundi wawili wanaobishana juu ya nyaya. Kwa sauti hiyo aliniambia kwamba usiku analia na asubuhi haikumbuki sababu. Kwa sauti hiyo nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyemleta, na kwamba kila nikimsikia anasema yuko sawa nashindwa kula. "Wacha hizo," akasema. "Niko sawa." Halafu akaangusha tochi makusudi, akainama kuiokota, na nilipoinama naye tukashikana mikono chini ya kabati mahali ambapo mwenye nyumba hakuweza kuona. Nililia. Mafundi hutoka jasho, kwa hiyo nilipangusa uso na hakuna aliyeuliza.

"Halas?" mwenye nyumba akaita.

"Bado, bosi! Hii imeharibika sana!"

Nilifungua skrubu zisizohusika na kuzirudisha. Nilitoa jeki nikaitazama nikairudisha. Dada akabana kicheko mpaka mabega yakamtikisika. Lakini nati ni nati, na mwenye nyumba alipokuja kusimama nyuma yetu na kikombe chake sikuwa na la kufanya ila kuikaza. Picha ikatokea. Mzee akafurahi, akaweka namba yangu kwenye simu yake kwa jina la Fundi, akanitazama mimi, akamtazama dada, akarudi kwangu.

"Wewe Kenya? Na huyu Kenya."

"Kenya ni kubwa, bosi," nikasema.

Dada hakuinua macho. Mzee akamgeukia akamwambia, bila ukali, kwamba bila shaka ni kupangusa vumbi kwake kulikoleta hasara hii, na kuanzia leo asitie mkono nyuma ya televisheni tena. Kisha akaniambia nisukume kabati lirudi ukutani, akaenda kuchukua malipo yangu.

Tulikuwa na muda wa kusukuma kabati tu. Dada akashika upande mmoja, mimi mwingine.

"Legeza," akasema.

"Nini?"

"Nati. Mimi siwezi kuigusa tena, ushasikia. Ilegeze kidogo tu, itajiachia yenyewe siku moja. Utaitwa."

Nikaingiza mkono nyuma, nikaishika kwa vidole, nikairudisha nyuma nusu mzunguko. Naapa. Niliisikia ikilegea. Kisha tukasukuma kabati, mzee akarudi, nikatoka na mfuko wangu wa jeki.

Tulirudi Riyadh bibi akiwa ameridhika. Nilikaa na simu ile miezi na miezi, haizimwi, haikosi chaji. Nilinunua vifaa vya kweli. Likizo iliyofuata tulivuta karavani mpaka Jeddah tena. Bibi alitazama tamthilia bila chenga hata moja, na mimi nilikaa kwenye ngazi nikiisubiri namba ya Aziziya. Haikupiga. Kwenye pipa dada hakuruhusiwa tena, kwa sababu madam wake alikuwa ameajiri mlinzi wa kutoa taka. Nilimuuliza dada kwa ujumbe wa sauti, TV iko aje? Akajibu kwamba iko clear. Mkataba wake ulipokwisha alipanda ndege palepale Jeddah akaenda nyumbani, na mimi nilikuwa Malaz nikiosha gari.

Kila kitu nilichowahi kutengeneza kimeharibika kabla sijafika mlangoni. Hicho kimoja, nilichokiacha kibovu kwa mkono wangu, kilidumu mpaka siku anaondoka. Sasa tuko nyumbani sote wawili, na tukikutana kwa mama mpaka leo ananishutumu kwamba niliikaza. Namwambia nililegeza. Anasema, wewe hujui kulegeza wala kukaza. Halafu anacheka, halafu hacheki. Anasema kila Ijumaa, kabla madam hajaamka, alikuwa akishuka kuiwasha yeye mwenyewe, akiomba iwe imekufa.